Usiulize Imetoka kwa Nani, Uliza Ni Wiki ya Ngapi

Hotuba ya daktari wa meno kwa wazazi na vijana, katika ukumbi wa parokia, Kadutu, Bukavu

Jambo yenu bapapa na bamama. Jambo yenu vijana, hata ninyi wa motari mlioegesha pikipiki mlangoni na injini hazijapoa. Padri, asante kwa ukumbi, na asante zaidi kwa ruhusa. Jana jioni uliniambia, "Sema kila kitu kwa jina lake, mimi nitaangalia dari." Basi anza kuangalia dari, Padri, maana leo nitataja mambo ambayo watu huyasema wakiwa wawili tu, taa imezimwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu fundi cherehani, mtu wa makamo, mwenye kibanda chake upande wa Nyawera. Sikio la kushoto lilikuwa linamuuma. Alishatia matone, alishatiwa mafuta ya vuguvugu na shangazi yake, wapi. Nikamfungua kinywa, nikaona gego la chini la kushoto limeoza. Nikajiambia, mchawi ni huyu hapa. Nikaling'oa. Akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Wiki 5 baadaye akarudi. Sikio bado. Na sasa kila akimeza bugali anahisi kama mfupa wa samaki sambaza umemkwama. Safari hii nilichukua kioo kidogo nikamulika hadi nyuma kabisa, pale ambapo mara ya kwanza sikujisumbua kufika. Amigdali ya kushoto, yaani lile findo la pembeni mwa koo, ilikuwa kubwa kuliko ya kulia, tena ngumu. Shingoni, chini ya taya, palikuwa na uvimbe wa kadiri ya punje ya harage. Nikaubonyeza, hakushtuka. Haukumuuma hata kidogo.

Sikio lake lilikuwa zima tangu siku ya kwanza. Neva inayobeba maumivu ya koo ina tawi linaloingia ndani ya sikio, kwa hiyo koo likiugua, ubongo unapokea habari na kukosea anwani. Hayo niliyasoma chuoni na nikayafaulu mtihani. Siku ile gego bovu lilinifunga macho.

Tulikata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa kupimwa mbali, na majibu yalichukua zaidi ya mwezi. Yakasema saratani, kansere kama tunavyoita huku, na kwamba ndani yake kuna alama za virusi vya HPV. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na si kwa sababu ya ugonjwa. Kijana mmoja wa ukoo akatafuta kwenye simu, akasoma kwamba HPV huambukizwa kwa ngono. Basi familia zikakaa kikao. Dada za mume wakamgeukia mke. Kaka za mke wakazitaja safari zake zote za Uvira alizokwenda kununua vitambaa. Imetoka kwa nani? Swali hilo lilikaliwa miezi 3 mizima. Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya upatanisho. Na muda wote huo uvimbe haukuhudhuria kikao, ulikuwa unakua. Aliporudi kwangu punje ya harage ilikuwa imekuwa yai.

Nimekuja kuwaomba mbadilishe swali hilo, muulize dalili iko wiki ya ngapi. Ila sitaki mnikubali kwa huruma ya hadithi. Nitawaeleza virusi hivi vinavyofanya kazi, kisha mtaona wenyewe kwa nini swali lile halina jibu.

HPV ni jamii kubwa ya virusi, kuna aina zaidi ya 200. Nyingi kati yake kazi yao ni kuleta chunjua mikononi na miguuni, hazina neno. Chache ndizo zenye kuleta saratani, na kiongozi wao ni aina ya 16. Bamama mnaijua tayari bila kujua kwamba mnaijua, maana ndiyo hiyohiyo inayoongoza katika kansere ya shingo ya kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeipata katika saratani hiyo miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Maura Gillison, pamoja na wenzake walionyesha kwamba virusi hivyo vinahusika pia na saratani za koo, hasa za amigdali. Leo huko Marekani saratani za koo la juu, takribani 70 katika kila 100, zinatokana na HPV, na zinawapata wanaume zaidi ya wanawake. Kwetu Afrika sehemu ya virusi hivi katika saratani ya koo ni ndogo kuliko huko. Lakini ndogo si hakuna.

Sasa sikieni jambo lililonifanya nisimame hapa. Watu wazima wengi waliowahi kufanya ngono watapata aina fulani ya HPV katika maisha yao. Wengi sana. Aliyeoa mara moja tu naye yumo. Huko huko Marekani walipowapima watu vinywani, karibu wanaume 10 katika kila 100 walikuwa nayo, na wanawake kama 4. Wengi wao hawataugua kamwe, kwa sababu mwili huvifukuza virusi ndani ya mwaka 1 au 2 bila mwenyewe kujua kwamba aliwahi kuwa na mgeni. Wachache hubaki navyo. Na kwa hao wachache, kutoka siku ya kuambukizwa hadi siku ya uvimbe hupita miaka 10, 20, mara nyingine 30.

Miaka 30! Fundi wangu huenda alivipata kabla hajamjua mke wake kwa jina. Au mke alikuwa navyo, vikamtoka, vikabaki kwa mume. Au kinyume chake. Hakuna daktari wala maabara duniani inayoweza kukuambia, na vikao vya ukoo ndiyo kabisa. Kuuliza imetoka kwa nani ni sawa na kusimama pale ufukweni ukiuliza ni mvua ya mwaka gani iliyojaza ziwa Kivu.

Na virusi vyenyewe vinaingiaje kinywani? Padri, dari. Njia kuu ni ngono ya mdomo. Nimeshasema, mmesikia, na paa halijaanguka. Kubusiana kwa kinywa wazi nako kunatajwa, ila ushahidi wake ni dhaifu. Kula sahani moja, kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa kupokezana kikombe, kumshika mgonjwa mkono, hizo si njia zinazojulikana. Na kansere yenyewe haiambukizi hata kidogo. Nawaomba sana, msimtengee mgonjwa kikombe chake. Nimeona nyumba ambamo mzee alikuwa anakula peke yake jikoni, na huo upweke ulimkondesha kabla ugonjwa haujaanza kazi.

Vikishaingia vinakwenda wapi? Amigdali ukiitazama kwa mbali ni kitu laini, lakini ina vishimo vingi virefu kama sifongo. Ngozi ya ndani ya vishimo hivyo ni nyembamba, virusi vinapenya na kujificha humo. Kila seli ya mwili ina sentineli wawili, yaani walinzi. Mmoja anaitwa p53, kazi yake ni kukagua kama seli imeharibika na kuizuia, hata kuiua. Mwingine anaitwa Rb, yeye anashika funguo, seli isigawanyike ovyo. HPV ya aina ya 16 inatengeneza vitu viwili, E6 na E7. E6 inamwangamiza sentineli wa kwanza. E7 inamfunga kamba wa pili. Nyumba haina mlinzi tena, geti liko wazi, na hakuna anayepiga kelele. Na mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. 

Lakini nisiwapotoshe. Tutenganishe kinywa na koo. Saratani ya ulimi wa mbele, ya mashavu, ya fizi, ya sakafu ya kinywa, hizo nyingi si za HPV. Ni za tumbaku na pombe. Mwanaume wa Kadutu anayevuta sigara na kunywa kanyanga hana haja ya kutafuta virusi, adui ameshamlipia kiti. Tena viwili hivyo havijumlishwi, vinazidishana. Pombe inalainisha ngozi ya kinywa na kugeuka sumu inayoitwa asetaldehidi, halafu moshi unapita juu ya ngozi iliyokwisha kufunguliwa. Nawasikia wazee pale nyuma mnacheka, "Sisi tunanusa tu, hatuvuti." Ugoro pia ni tumbaku. Ukiuweka kwenye fizi miaka 20, fizi inahesabu.

Na ndugu wenye virusi vya UKIMWI, kinga ikishuka mwili unashindwa kuifukuza HPV, inakaa zaidi. Mwenye dawa zake asiziache. Hilo sirefushi, mnalisikia kila mahali.

(Hapa umeme ukakatika. Vicheko.)

Vizuri, wametusaidia. Kila mwenye simu awashe tochi. Hapana, msinimulike mimi, mimi nimeshazeeka hivi hivi. Mulikeni jirani. Mwenye meno ya bandia ayatoe, hatutacheka. Funua mdomo wa chini, tazama ndani. Wa juu vilevile. Vuta shavu kwa kidole. Sasa toa ulimi, ushike ncha yake kwa leso safi, uvute taratibu upande huu, kisha ule. Ukingo wa ulimi, pale pembeni kuelekea nyuma, saratani ya kinywa inapapenda sana, na ndipo mahali ambapo hakuna mtu anayepiga mswaki wala kutazama. Inua ulimi, angalia chini yake. Sema "aaa".

Mnatafuta nini? Kidonda kilichozidi wiki 3. Kidonda cha kujing'ata, cha jino lenye ncha, cha chai ya moto, hicho kwa kawaida kinapona ndani ya wiki 2. Kikipita wiki ya tatu, si kidonda cha kusukutua maji ya chumvi tena. Doa jeupe: lipanguse kwa leso. Likitoka kama utando wa maziwa, mara nyingi ni fangasi. Likikataa kutoka, njoo. Doa jekundu laini kama mahameli, hilo linanitisha kuliko jeupe, ingawa watu hulidharau kwa kuwa linafanana na nyama ya kawaida. Doa la zambarau kwenye kaakaa linaweza kuwa saratani nyingine, Kaposi, nayo inatuambia tupime UKIMWI mara moja.

Weka simu chini. Vidole vya mikono yote miwili viwe shingoni, chini ya taya, teremka polepole. Linganisha pande mbili. Mungu alitupa pande mbili zinazofanana, na mimi kinachonikosesha usingizi ni upande mmoja: koo linalowasha upande mmoja, sikio moja linalouma wakati mpimaji anasema ni zima, amigdali moja kubwa, uvimbe upande mmoja. Ongeza sauti iliyobadilika, kumeza kwa shida, na kukonda.

Ni kweli uvimbe wa shingo kwetu mara nyingi ni kifua kikuu cha tezi. Nalisema ili msikimbie nyumbani mkaandike wosia. Ila usikubali kupewa dawa kwa kubahatisha. Omba wachukue majimaji ya ule uvimbe kwa sindano nyembamba wapime. Sindano hiyo haiumi kuliko ya malaria. Na ukiwa na mtoto ambaye taya lake linavimba haraka, wiki kwa wiki, na meno yanalegea, usingoje hata hizo wiki 3. Kuna saratani ya watoto, ya Burkitt, inayokua upesi kuliko nyingine, na ambayo kwa dawa ikiwahiwa inapona.

(Sauti kutoka nyuma: "Munganga, mimi sikio hili linaniuma tangu Pasaka.")

Papa, nimekusikia. Usitoke kabla hatujaonana.

Sasa niseme juu ya kilimi. Najua ninagusa mambo ya nyumbani. Mtu akikohoa sana, koo likimkera, wanasema kilimi kimerefuka, apelekwe akakatwe. Yule kinyama kinachoning'inia katikati hana hatia. Fundi wangu alikwenda kukatwa katikati ya ile miezi 3. Alitoka damu siku 2, akapata homa, na amigdali ikabaki pale pale pembeni, umbali wa ukucha mmoja, inaendelea na shughuli zake. Ukiacha hatari ya wembe wenyewe, kilimi kinatuibia muda. Kama tetrasiklini ya farmasi. Kama kunywa "dawa ya anjini", ya kuvimba koo, mara ya 4 mfululizo.

Je, hakuna kipimo cha mapema? Kwa shingo ya kizazi kipo, bamama msiache kukiomba. Kwa koo hakuna. Hakuna kipimo cha mate kilichokubaliwa cha kukuambia kwamba wewe utapata saratani ya koo na yule hatapata, wala hakuna dawa ya kuviua virusi hivi vikiwa kimya. Anayekuuzia majani ya kuosha HPV kinywani anaosha mfuko wako.

Kilichopo ni chanjo, na hapa nitakaa kidogo.

Chanjo ya HPV ilianza kutumika mwaka 2006. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana hupewa mapema, hasa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza mambo ya wakubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hata dozi 1 inaweza kutosha kwa umri huo. Ndani yake hakuna virusi. Kuna ganda tu, ala bila kisu. Mwili unaiona ala, unajifunza sura yake, na siku kisu chenyewe kikija unakitambua mlangoni. Huko Costa Rica waliwafuatilia wanawake waliochanjwa: baada ya miaka 4, HPV ya aina za 16 na 18 vinywani mwao ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 93 ukilinganisha na wasiochanjwa. Nchi kama Australia, Marekani na Uingereza zinawachanja na wavulana, maana makoo ya wanaume ndiyo yanayoumia zaidi.

Najua mnachotaka kusema. Inafunga kizazi. Sitabishana kwa vitabu. Jirani zetu Rwanda walianza kuwachanja wasichana wa shule nchi nzima mwaka 2011, wa kwanza Afrika kufanya hivyo kwa nchi yote. Wale wasichana walikuwa na miaka 12 hivi. Leo ni wanawake wazima. Mnaokwenda sokoni Kamembe mnanunua kutoka kwao, na watoto wao wako migongoni mnawachekesha mkisubiri chenji. Hao ndio ushahidi wangu.

Mtu ameniandikia kikaratasi hapa: "Mwenye kansere ya HPV anapona?" Swali zuri. Kuna utafiti mkubwa wa saratani ya koo uliochapishwa mwaka 2010 huko Marekani. Baada ya miaka 3, wagonjwa ambao saratani yao ilitokana na HPV, 82 katika kila 100 walikuwa hai. Wale ambao yao haikutokana nayo, 57. Yaani ile yenye aibu ndiyo inayosikia matibabu zaidi. Aliyevuta sigara miaka mingi anapunguza faida hiyo. Na hao walikuwa na mashine za mionzi karibu nao. Kwetu mionzi ni safari ya kuvuka mpaka, Kigali au Kampala, na safari ni pesa, ni karatasi, ni mtu wa kukusindikiza. Uvimbe wa harage unaweza kuondoka kwa matibabu mepesi. Uvimbe wa yai unaomba kila kitu kwa pamoja.

Fundi alikwenda. Mke wake ndiye aliyeuza vyerehani viwili kati ya vitatu kumlipia, yule yule aliyekaliwa kikao. Aliishi mwaka 1 na miezi michache. Siwezi kuwaambia kwamba ile miezi 3 ndiyo iliyomuua, wala zile wiki 5 zangu. Ninachojua ni kwamba zilikuwa zake, na tulizitumia sisi.

Mama wa kitenge cha bluu, uliza. ... "Nimwambie nini bwana yangu akinituhumu?" Mwambie mje kwangu wote wawili. Nitamwonyesha hesabu ya miaka, na kisha nitamwangalia koo lake.

Kijana wa motari? ... "Na kondomu, inazuia?" Kondomu inapunguza, haizuii yote, kwa sababu virusi vinakaa hata pale isipofunika. Itumie tu, inazuia mengine mengi.

Umeme haurudi, basi tumalizie kwa tochi. Nimeleta vijiti vya mbao 60 na glavu. Nitakaa kwenye benchi lile la dirishani ambapo bado kuna mwanga, mjipange kwa mstari, wazee mbele. Papa wa sikio la tangu Pasaka, njoo uanze wewe. Ni upande gani?